Sanduku la bati la babu: jibu kwa msomaji wa Tukuyu kuhusu shaba ya vita na kichupa cha ugoro

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Tukuyu. Baada ya matanga ya baba tulifungua sanduku la bati la babu, tukakuta chombo cha maua cha shaba kilichonakshiwa tausi, kiberiti cha petroli chenye umbo la risasi, kichupa chembamba cha shaba chenye kizibo cha pembe ambacho bibi anasema kilikuwa cha ugoro, na risasi tatu ambazo bado zina vichwa. Babu alikuwa askari wa Keya (KAR), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Baba yake alikuwa mpagazi wa Waingereza katika vita vya Mjerumani, na nyumbani tumekua tukiambiwa kwamba chombo cha maua alikiokota yeye kwenye mapigano ya Malangali. Kuna bwana ananipa laki moja na nusu kwa chombo hicho, vingine anasema nimpe kama nyongeza. Mnunuzi wa chuma chakavu anataka vyote kwa kilo. Je, ni vitu halisi? Vina thamani? Nivisugue kwa Brasso kwanza? Nimeambatisha picha.

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba wa mzee.

Naanza na ulichotaja mwisho, kwa sababu shaba inaweza kusubiri hata mwaka mzima lakini hizo risasi tatu haziwezi. Nimeikuza picha yako ya nne mpaka ilipofikia. Katikati ya kitako cha kila risasi kuna kiduara, ndiyo fataki. Risasi iliyokwisha kupigwa huwa na kishimo pale pini ya bunduki ilipogonga. Zako zote tatu fataki ni laini na vichwa viko mahali pake. Hizo ni risasi nzima, na kukaa sandukuni miaka themanini hakujazigeuza kuwa mapambo. Usijaribu kung'oa vichwa kwa koleo umwage baruti, kama fundi mmoja wa hapa Iringa alivyotaka kunifanyia zamani, nikamnyang'anya koleo akanuna wiki nzima. Usizipashe moto, usizitoboe, usizitie mfukoni ukapanda nazo kosta kwenda Mbeya. Ziache zilipo, funga chumba watoto wasiingie, nenda kituo cha polisi mikono mitupu ueleze zilivyopatikana, wao waje kuzichukua. Kukaa na risasi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ukishajua unazo huwezi kusema hukujua. Waliokuwapo Dar es Salaam maghala ya jeshi yalipolipuka, Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, hawahitaji mahubiri yangu.

Sasa chombo cha maua. Mgeni akiingia sebuleni atamtazama tausi. Mkusanyaji anakipindua.

Kitakoni, kwenye picha yako ya pili, nasoma 25 PR, mwaka 1943, na kile kimshale cha miguu mitatu ambacho Waingereza walikigonga juu ya kila mali ya jeshi lao, tangu beseni mpaka mzinga. PR hapo ni ratili. Hili ni ganda la mzinga wa ratili 25, ulioitwa hivyo kwa sababu kombora lake lilikuwa na uzito huo, yaani kilo kumi na moja na ushei. Mzinga huo uliingia kazini Vita vya Pili vilipoanza. Mapigano ya Malangali yalikuwa tarehe 24 Julai 1916, wakati majeshi ya Jenerali Northey wa Waingereza yakitoka huko kwenu Tukuyu, iliyoitwa Neu Langenburg, kwenda Iringa. Hakuna aliyeweza kuokota Malangali kitu kilichotengenezwa miaka ishirini na saba baadaye.

Najua hilo linauma. Hakuna aliyedanganya kwenu, lakini. Nimefungua masanduku mengi ya namna hii kati ya Makambako na Kyela, na karibu kila mara simulizi ni ya kweli ila imehama kitu. Watu huchukua habari iliyo kubwa kuliko zote wakaivika kitu kinachong'aa kuliko vyote. Babu mzaa baba yako alikuwa Keya, na ganda la 1943 ni lake yeye, wala halina haja ya kuazima utukufu wa baba yake.

Alilipata wapi? Tausi ndiye anayesema. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake walikuwamo askari wengi wa Keya kutoka Tanganyika, ilifanya mazoezi Ceylon, ikapigana Burma mwaka 1944 kwenye bonde la Kabaw, wakati wa masika ambayo hata mtu wa Tukuyu angeyaheshimu, kisha ikarudishwa India kupumzika. India kuna mafundi wa shaba ambao kazi hiyo walirithi kwa baba na babu. Mji wa Moradabad peke yake ungeweza kuwapambia jeshi zima. Askari alimpelekea fundi ganda tupu, au fundi alikuwa nalo tayari dukani, na baada ya siku chache akarudishiwa chombo cha maua chenye tausi, waridi, na mistari midogo midogo iliyopigwa kwa patasi nyembamba. Angalia kwenye mabawa: bado kuna chembe nyekundu na za kijani zilizokwama ndani ya mistari. Ni rangi za lakiri ambazo mafundi wa kule hujazia nakshi zao. Mtu aliyechonga kwa msumari akiwa amechuchumaa kambini hafanyi hivyo.

Ndiyo maana sipendi sana hili jina tunalolitumia kwa vitu vilivyotengenezwa kutokana na maganda na masalia ya vita, sanaa ya mahandaki. Limezaliwa Ufaransa na Ubelgiji, ambako askari wa Vita vya Kwanza walikaa miaka mashimoni, maganda ya mizinga yakarundikana kama magunzi baada ya mavuno. Hata kule kazi nyingi nzuri zilifanyika mbali na handaki, kwenye karakana za nyuma, hospitalini, kwenye kambi za mateka, au zilifanywa na raia wenyeji waliowauzia wageni waliokuja kutazama makaburi vita vilipokwisha. Huku kwetu vita vilikuwa vya kutembea. Kila kilichohitajika kilibebwa kichwani na watu kama baba wa babu yako, kwa hiyo mizinga ilikuwa michache na midogo. Ukiletewa huku ganda kubwa la mzinga ukaambiwa ni la 1916, shaka iwe ya kwanza kuingia. Si kwamba haiwezekani, ila lazima kitako kikubali.

Kwa wanaotaka kujua namna ya kuutambua mkono wa askari mwenyewe: shaba ikigongwa inakuwa ngumu na kuanza kupasuka, kwa hiyo fundi huilainisha kwa moto, akaijaza ndani mchanga, lami au risasi iliyoyeyushwa (madini, si ile ya bunduki) ili isibonyee ovyo, ndipo akagonga. Askari asiye fundi aliruka hatua hizo. Kazi yake huwa ya vitone vilivyopigwa kwa msumari, herufi zinazopanda na kushuka, mwaka ulioandikwa vizuri na jina lililokosa nafasi mwishoni. Binafsi natoa pesa zaidi kwa jina lililobanana kuliko kwa tausi.

Kiberiti hakitatuchukua muda. Kina umbo la risasi, lakini hakikuwahi kuwa risasi: kitako hakina herufi, hakina tundu la fataki wala alama yake, na kimekatwa sawasawa kama vitu vya kiwandani. Vilitengenezwa kwa maelfu kwa ajili ya maduka, vikapendwa na askari na wasio askari. Kiberiti kilichotoka kweli kwenye ganda la bunduki ya Waingereza kitakuwa na maandishi ya kitako, mathalani K kwa kiwanda cha Kynoch, tarakimu mbili za mwaka, na VII kwa aina ya risasi. Gurudumu lake la kuwashia litakuwa limelehemiwa pembeni, na kwa kawaida limekaa upande kidogo. Cha kwenu kiacheni sandukuni kwa sababu babu alikishika. Sokoni hakina kitu.

Usijisikie vibaya, nami nimeliwa kwa viberiti. Miaka ya nyuma nilinunua Dar es Salaam Zippo ya "Vita vya Vietnam", imechorwa ramani, kikosi na mwaka 1968, kwa bei ambayo mke wangu hajaambiwa mpaka leo. Nilipofika nyumbani ndipo nikapindua. Zippo za miaka hiyo ya mwisho ya sitini zina vijistari vilivyosimama wima kitakoni. Yangu ilikuwa na vilivyolala mshazari, ambavyo vilianza kugongwa mwaka 1974. Kiberiti chenyewe kilikuwa halali. Aliyechora vita juu yake ndiye alikuwa mwizi, na aliyelipa kabla ya kupindua ndiye mjinga.

Sasa tuje kwenye kichupa cha ugoro, kile ambacho bwana wako anakitaka kama nyongeza. Hicho ndicho kitu cha maana kuliko vyote sandukuni, na nina wasiwasi mkubwa kwamba bwana huyo anajua.

Umeweka rula pembeni, Mungu akubariki, watu hawafanyi hivyo. Urefu bila kizibo ni milimita 60, mdomo ni milimita 11, kitako kina ukingo uliotokeza, na juu kuna mabega yanayobana kuwa shingo. Ganda la bunduki ya Waingereza, ile .303, lina ukingo pia, lakini urefu wake ni milimita 56 na mdomo haufiki hata milimita 8. Ganda la Mauser ya kisasa ya Wajerumani ni milimita 57, na ukingo wake hautokezi nje. Ganda la SMG (AK-47), ambalo vijana wengi wamelifahamu tangu vita vya Kagera, ni fupi, milimita 39. Linalolingana na mdomo wa milimita 11 na urefu wa 60 ni la Mauser ya modeli 71, bunduki ambayo Wajerumani waliianza mwaka 1871 na ambayo Ulaya ilikuwa imekwisha kuwa ya makumbusho wakati askari weusi wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani la koloni, bado wanaibeba mabegani.

Bunduki hiyo ilitumia baruti nyeusi. Ukipiga risasi moja, wingu jeupe linasimama juu ya kichwa chako na kumwonyesha adui ulipolala. Vita vilipoanza 1914 kombania nyingi za jeshi la Wajerumani huku zilikuwa nayo hiyo hiyo. Meli ya Wajerumani, Rubens, ilipopenya vizuizi vya Waingereza na kufika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915, ilileta bunduki mpya zipatazo 1,800, na nyingine zilikuja baadaye, lakini zile za moshi hazikwisha. Maganda yake makubwa yalibaki yametapakaa njiani, na mpagazi anayevuta ugoro hakuhitaji kufundishwa la kuyafanyia. Ganda limeshafungwa upande mmoja, haliingizi maji, halivunjiki mzigo ukianguka, na mdomo wake unatoa kidole kimoja cha ugoro kwa mara moja. Unachonga kizibo cha pembe ya ng'ombe, kazi imekwisha. Afrika ya Mashariki na ya Kusini yote, watu walifanya hivyo hivyo bila kuambiana.

Hapo kuna sanaa ya mahandaki ya kwetu, ambayo vitabu vya Ulaya vikiigusa huigusa kwa mstari mmoja. Haina tausi. Ina mikwaruzo miwili ya kuzunguka shingo, ambako nadhani palifungwa kamba ya kuning'inizia, na pande mbili zilizokuwa laini kwa kushikwa na kidole gumba na cha shahada miaka na miaka. Ndani, kwenye picha ya tano, kuna ukoko wa kijani karibu na mdomo; nimeuona mara nyingi kwenye vichupa vilivyowekwa ugoro wenye magadi. Hiyo ndiyo saini ya mvutaji. Ukiikwangua umemfuta.

Nikupe tahadhari yake, usije ukanisoma nusu. Mauser 71 haikuja na vita vya 1914. Wajerumani waliibeba walipopigwa na Wahehe Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na bunduki zao zikaangukia mikononi mwa watu wa Mkwawa. Wakaendelea kuibeba miaka yote ya kumwinda mpaka 1898. Wakati wa amani pia ilipiga wanyama. Kwa hiyo ganda peke yake haliwezi kuapa kwamba lilitoka Malangali. Linachoweza ni kukubaliana na simulizi, jambo ambalo chombo cha maua kilishindwa. Ikiwa ni kweli mzee alirudi kutoka Malangali na kitu mfukoni, mimi naweka dau langu kwenye kichupa. Kitu kikubwa kilichong'aa kilikuja nyumbani baadaye, na habari ikahamia kwenye kitu kikubwa.

Shaba ya vita, hata hivyo, ilikuwa na kazi nyingine kubwa kuliko ugoro. Mwaka 1916, Wajerumani walipokosa sarafu kwa sababu bahari imefungwa, waligonga pesa zao Tabora, kwenye karakana ya reli. Heller 20 za mwaka huo zenye herufi T nyingine ni za shaba ya njano iliyotokana na maganda ya mizinga. Zilitoka nyingi, kwa hiyo bado zinapatikana kwa bei ya kawaida. Dada yake wa dhahabu, rupia 15 yenye tembo, iliyotokana na dhahabu ya mgodi wa Sekenke, iligongwa kama vipande elfu kumi na sita tu, na huuzwa kwa maelfu ya dola. Mtu akikuuzia tembo huyo stendi ya Mbeya kwa shilingi laki mbili, mshukuru, endelea na safari. Hizi hadithi za rupia na hazina ya Mjerumani zimewamaliza watu wengi Nyanda za Juu kuliko Mjerumani mwenyewe.

Kuhusu Brasso: hapana. Na siyo Brasso tu, bali pia limau, ukwaju, majivu, mchanga wa mtoni na dawa ya meno.

Sababu ya kwanza ni ya aibu, kwa hiyo niitoe haraka. Mwaka 1987 nilinunua Mafinga, kwa mama aliyekuwa anahifadhia ndani yake sindano, kifuniko cha kiberiti cha njiti: kile kibati cha shaba kilichokunjwa pande tatu, kinachovalishwa kisanduku ili kisipondeke mfukoni, huku pembeni pakiachwa wazi pa kukwangulia njiti. Nilikuwa mwalimu wa ufundi wa chuma, mikono inawasha kuona shaba chafu. Nilisugua jioni nzima mpaka nikajiona ndani yake. Mwezi uliofuata nikapitia picha niliyokuwa nimepiga siku ya kwanza, nikaona juu ya kibati mikwaruzo ambayo ilikuwa herufi: jina fupi na namba nne, zimechorwa kwa kitu chenye ncha. Namba ya askari. Leo nina kibati safi kisicho cha mtu yeyote.

Sababu ya pili ni ya kemia, na kwenu Tukuyu ina uzito wake. Ganda la risasi linatengenezwa kwa kuvutwa na kubanwa likiwa baridi, kwa hiyo ndani ya shaba mnabaki mkazo usioonekana. Shaba yenye mkazo ikikutana na amonia na unyevu hupasuka, tena yenyewe, imekaa tu. Waingereza walilijua hilo kwa hasara huko India: risasi walizohifadhi karibu na mazizi ya farasi zilikutwa baada ya mvua zimepasuka shingoni, kwa sababu mkojo wa farasi ulikuwa umejaza hewa amonia. Dawa za kung'arishia shaba kwa kawaida zina amonia. Na banda la kuku linayo pia, na zizi la ng'ombe. Kwa hiyo hata usiposugua kitu, ukikitundika kichupa jikoni kwenye ukuta unaopakana na banda, mvua za kwenu ambazo hazijui kupumzika zitakamilisha kazi. Chukua lenzi uangalie pale ganda linapobana kuwa shingo. Kama kuna nyufa kama nywele, usiing'oe ile pembe.

Unachoruhusiwa ni kitambaa cha pamba kikavu na mswaki laini. Chombo cha maua, kwa kuwa ni kinene, unaweza kukiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kuogea, ukakikausha papo hapo mpaka ndani. Usikigeuze tena kuwa cha maua. Kichupa usikioshe kabisa. Kila kimoja kifungwe kwenye kitambaa cha pamba kilichofuliwa, kisiwekwe kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu unatoa jasho, kisha kirudi sandukuni, mahali pakavu, mbali na kuku.

Ya bei sasa. Laki moja na nusu kwa chombo cha maua si matusi. Uingereza chombo cha aina hiyo, kisicho na jina la mtu, huuzwa makumi machache tu ya paundi, kwa sababu ganda la ratili 25 ni la kawaida kule na nakshi za India zipo nyingi. Yule wa kilo mwambie ahsante, aende. Kwa kichupa siwezi kukupa namba ya sokoni kwa sababu soko lake halijazoea kukiona kikiwa na ukoo wake. Kikiwa peke yake mezani ni ganda lenye pembe, kikiwa na jina la mpagazi, kijiji alichotoka na njia aliyopita, ni kitu ambacho makumbusho inakipisha mbele. Kwa hiyo usikubali neno nyongeza. Kama shida ya pesa ipo kweli, na baada ya msiba huwa ipo, uza tausi, andika risiti, baki na kichupa. Mimi ningefanya hivyo bila kulala nikiwaza. Na ukipita Iringa, ingia Boma, jengo la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho, uone namna kitu kidogo kinavyokaa vizuri kikiwa na maelezo yake pembeni.

Usijenge hofu kwamba unavunja Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 kwa kukaa na urithi huu. Mabaki inayoyalinda hasa ni ya kabla ya 1863. Kwenda kuchimba ndilo jambo jingine. Huniandikia vijana wanaotaka kwenda Malangali na mashine za kutambua chuma, na jibu langu ni moja: uchimbaji wa vitu vya kale unataka kibali, na pale chini wamelala watu.

Sandukuni kwa babu mnaweza kuwa na vingine ambavyo hamkuviona kuwa kitu. Kopo bapa la shaba lenye uso wa msichana aliyetazama kando ni zawadi ya Princess Mary, binti wa mfalme wa Uingereza, kwa askari, ya Krismasi ya 1914. Ndani lilikuwa na tumbaku, sigara 20, kiko na kiberiti, na baadhi ya askari wa Kihindi walipewa peremende na viungo. Yalitolewa zaidi ya milioni mbili, na ya kuiga ni mengi pia. Kitu chenye tai mwenye taji na maneno yenye herufi ł iliyokatwa mstari usikiite cha Mjerumani: kuna wakimbizi wa Poland walioishi Ifunda na Kidugala wakati wa Vita vya Pili, na vitu vyao bado vinazunguka Njombe na Iringa. Chunguza pia vitambaa na karatasi za chini kabisa kabla hamjazichoma. Kipande cha karatasi chenye namba ya Keya ya babu kinaweza kuliongezea ganda lile thamani kuliko tausi wawili.

Jambo la haraka zaidi, ukitoa polisi, ni bibi. Kaa naye asubuhi akiwa na nguvu, mpe kichupa mkononi, washa simu irekodi, mwache aseme Kinyakyusa bila kumtafsiri katikati. Usimuulize kuhusu vita, kwa sababu atakupa habari ile ile ya Malangali mnayoijua wote. Muulize kizibo kilichongwa na nani, na kama ndicho cha kwanza au kulikuwa na kingine. Muulize kilining'inizwa wapi mzee alipolala, ugoro ulitoka kwa nani, nani aliruhusiwa kuchota. Muulize alikiona mara ya kwanza alipoolewa au baadaye, kwa sababu kama alikikuta kwa baba mkwe, Keya hakuhusika nacho.

Halafu nitumie picha moja zaidi. Kati ya zote sita ulizopiga, kitako cha kichupa hukupiga. Ipige mchana, dirishani, mwanga ukitoka upande mmoja, bila taa ya simu.